MEZANI KWA KARANI: Mwana Ataka Kuhama Chuo

Juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, alinijia ofisini mama mmoja mjane. Nilidhani ataka cheti cha ubatizo cha mjukuu. Kumbe sivyo. Alitoa simu katika upindo wa khanga, akasema, "Mwalimu, nisomee haya tena. Mjukuu amenisomea, lakini amesoma mbiombio kama mtu anayefukuzwa." (Wengi huniita Mwalimu mpaka leo, maana nilipita chuo cha ualimu kabla ya kushika kalamu ya parokia.)

Ujumbe ulitoka kwa mwanawe wa mwisho aliye Marekani. Huu ni mwaka wake wa pili katika chuo kikuu cha serikali, chuo kisicho na sifa kubwa, lakini kimempunguzia karo. Sasa ataka kuhamia chuo kikuu cha jimbo lingine la mbali, chenye jina, kinachochuja waombaji kwa chekecheke la matundu madogo. Wamemkubali. Ila wataka kwanza waone hati ya benki kwamba fedha za karo na chakula za mwaka mzima zipo. Basi amwomba mama auze kile kiwanja cha barabarani alichoacha marehemu baba yake.

"Nikiuze?" mama akaniuliza.

Msomaji, wewe ungemjibu nini? Mimi nilimwomba siku tatu, nikaanza kusoma habari za vyuo vya huko.

Hapana budi tuanze na neno jimbo. Huko Marekani jimbo si la Askofu. Ni kama nchi ndani ya nchi, nayo yako 50, na kila moja lina vyuo vikuu vyake vinavyosaidiwa na kodi ya wenyeji. Kwa hiyo mtoto wa mwenyeji hulipa karo ndogo, na mgeni hulipa nyingi. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, kule Ann Arbor, mgeni hutozwa zaidi ya mara tatu ya mwenyeji. Tena vyuo vingine huweka mpaka. Huko North Carolina, tangu mwaka 1986, kuna kanuni kwamba katika Chuo Kikuu cha Chapel Hill wageni wasizidi 18 katika kila wanafunzi 100 wanaoanza mwaka wa kwanza. Na California, ambayo tangu mpango wake wa mwaka 1960 imewafungulia mlango mpana wanaohama, huwatanguliza wale waliotoka katika vyuo vidogo vya California yenyewe.

Na mwana wetu je? Yeye aliingia kwa ruhusa ya mwanafunzi kutoka nje. Katika majimbo mengi mtu wa namna hiyo huhesabiwa mgeni siku zote, hata akae miaka minne. Kwa hiyo kuvuka mpaka wa jimbo hakumpotezei uenyeji, maana hakuwa nao. Kitu anachopoteza ni lile punguzo. Lilitolewa na chuo cha kwanza, nalo halihami pamoja na sanduku lake. Mara nyingi chuo kipya huwa na msaada mdogo kwa wanaohamia kuliko kwa wanaoanza upya.

Liko na jambo la pili, ambalo wazazi wengi hawalijui kabisa. Sisi hapa, mtoto wa Darasa la Tano akihama na barua yake ya uhamisho huingia Darasa la Tano, basi. Huko si hivyo. Masomo ya chuo hupimwa kwa vipimo viitwavyo krediti, na shahada ya kwanza kwa kawaida hutaka kama 120. Mwanafunzi akihama, chuo kipya hukaa na kuchambua: hili tunalipokea, hili hatulitambui, hili si katika fani yake. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa mwaka 2017 juu ya wanafunzi waliohama kati ya miaka 2004 na 2009. Ilikadiria kwamba kwa wastani walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Ni kama mtu ahame na magunia kumi ya mahindi, afike na sita pungufu!

Lakini sitaki mdhani kwamba nampinga kijana. Kukubaliwa si jambo dogo. Princeton ilifunga mlango kwa wanaohama tangu mwaka 1990 mpaka 2018. Harvard iliufunga kwa miaka miwili kuanzia 2008 kwa kukosa vyumba vya kulala, na kwa kawaida huchukua kama kumi na wawili tu kwa mwaka. Wako waliohama wakafika mbali. Barack Obama alikaa miaka miwili katika chuo cha Occidental, Los Angeles, na mwaka 1981 akahamia Columbia, New York. Asimulia mwenyewe kwamba usiku wake wa kwanza mjini alilala uchochoroni kwa kukosa mlango wa kuingia.

Habari ya baba yake ndiyo iliyonikaa moyoni zaidi, ingawa yeye alihama akiwa amekwisha kupata shahada ya kwanza. Alitoka Kenya mwaka 1959 kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii. Alipomaliza mwaka 1962, kwa jinsi mama mtu alivyomhadithia mwanawe, vyuo viwili vilimwita. Kimoja cha New York kilikuwa tayari kumtunza yeye pamoja na mke na mtoto. Harvard ililipa karo tu. Akachagua Harvard, akaenda peke yake. Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka. Akarudi Kenya bila ile shahada ya udaktari aliyoifuata, na mtoto alimwona mara moja tu, mwaka 1971. Sisemi Harvard ndiyo iliyovunja nyumba ile. Nyufa zake zilikuwa nyingi. Lakini jina la chuo lilipimwa na watu wawili, likaonekana zito kuliko wao.

Siku ya tatu mama alirudi. Nikamwambia asiuze kitu kabla kijana hajajibu maswali mawili: krediti ngapi zimepokelewa, kwa maandishi, na fani anayoitaka, je, haipo hapo alipo? Kama haipo, mimi naona ana haki ya kuhama. Kama ipo, basi anunua jina.

Jibu lilikuja kesho yake. Fani ni uhandisi wa maji, na chuoni kwake haipo. Katika krediti 58 alizo nazo, wamepokea 34. Itambidi aongeze mwaka mmoja.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakunja khanga magotini, akauliza neno ambalo mimi na elimu yangu sikulifikiri: "Na huo mwaka wa kuongeza, nitauza nini?"

Nimeliandika kama alivyolisema, nikamtumia mwanawe. Twangoja.