Chipu ya Nairobi, Simu ya Malaba

Karibu kila mwandishi wa toleo hili ameanza na dai lilelile: siku hizi chipu zote zina amri za AES, yaani amri za kusimba data ndani ya chipu yenyewe. Zote zipi?

Mwezi uliopita, kando ya foleni ya malori mpakani Malaba, wakala wa forodha alinipa simu yake niitazame. Kioo kimepasuka, ndani Android Go juu ya Cortex-A7. Ndiyo ofisi yake: nyaraka za mizigo, meseji za wateja, kila kitu. Amri za AES haina hata moja. Google walilijua hilo, ndiyo maana Februari 2019 walitangaza Adiantum, njia ya usimbaji ambayo kwenye Cortex-A7 husimba kwa kasi ya takriban mara tano ya AES-256-XTS.

Sina ugomvi na kasi. Maktaba ya usimbaji ya OpenSSL 1.0.1 ilipoanza kutumia AES-NI, amri za AES za Intel, mwaka 2012, seva zilipumua. Ugomvi wangu ni na wanaotaka njia ya programu tupu, isiyotegemea amri hizo, ifutwe, au ibaki bila wa kuipima. Mwandishi wa msimbo wa Nairobi ana laptopu mpya. Majaribio yake yote hupitia chipu, na njia ya pili inaoza kimyakimya. Tena hasara si mwendo pekee. AES ya programu inayotegemea majedwali huvuja: mwaka 2005 Daniel Bernstein alionyesha kwamba kupima muda wa kache kunatosha kuufichua ufunguo. Mwenye simu duni, basi, anacheleweshwa na bado anaibiwa.

Njia mbili zinaweza kukaa pamoja: pale mpakani Busia, lori hupita kwa mfumo wa kielektroniki, na mama mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Hakuna aliyesema dirisha la mama lifungwe kwa kuwa malori ni mengi. Maktaba ya usimbaji nayo iiulize chipu kwanza: amri zikiwepo, izitumie, zisipokuwepo, ichague usimbaji wa ChaCha20, ambao itifaki ya TLS 1.3 inaukubali. Kisha kila badiliko lijaribiwe amri zikiwa zimezimwa. OpenSSL ina mpangilio wa OPENSSL_ia32cap kwa kazi hiyohiyo. Ni mstari mmoja tu, jamani.

Katika toleo hili, makala ya Raspberry Pi 4, bodi isiyo na amri za AES, isomwe kabla ya nyingine zote. Ile ya kadi za kuharakishia seva itawafaa wenye bajeti.

Kuanzia toleo lijalo, makala ya kasi isiyo na vipimo vya chipu zisizo na AES itarudi kwa mwenyewe.