Kubadilisha Spea si Kupima

Mwaka juzi, nikiwa katika kazi ya kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilifika katika shule moja ya sekondari ya bweni iliyo mbali na barabara ya lami. Chini ya mwembe, mbele ya maabara, palikuwa na pikapu iliyosimama kwa mihula miwili. Kuku walikuwa wametaga ndani ya bodi yake. Ndani ya maabara, hatua zisizofika ishirini kutoka pale, Kidato cha Tatu walikuwa wakichora sakiti yenye betri, swichi na taa. Mwanachuo wangu alifundisha vizuri, nami nikampa alama zake. Hata hivyo nilipotoka nje na kuiona tena ile pikapu, nilihisi kwamba sote, mimi nikiwa wa kwanza, tulikuwa tumefanya jambo la aibu.

Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta unga, na maji wakati wa kiangazi, na ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka wagonjwa kwenye kituo cha afya. Tangu isimame, mwanafunzi mmoja aliyeshikwa na homa kali usiku alipelekwa kwa baiskeli, huku mwenzake akikimbia kando na kumshikilia asianguke. Wala si kwamba shule ilikaa bure. Ilinunua betri mpya. Pikapu ikawaka kwa siku chache, kisha ikagoma. Ikanunua stata, ikawaka kwa majuma mawili, ikagoma tena. Sasa ilikuwa ikichangisha fedha za kununua kitu cha tatu, na hapakuwa na mtu mwenye hakika kitu hicho kiwe nini.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Katika gereji zetu nyingi, na katika nyumba zetu sisi tuliosoma, kubadilisha kifaa kumechukua mahali pa kupima. Kubadilisha nako ni jaribio la aina yake, lakini ni jaribio ghali, tena bovu, kwa sababu aghalabu hubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Fundi anapofunga betri mpya hufungua vichwa vya nyaya, huvisugua kwa msasa na kuvikaza upya. Gari likiwaka, sifa huiendea betri, ingawa huenda kilichofanya kazi ni msasa. Na dereva anapoijaribu stata mpya, akitazamwa na watu, huzungusha ufunguo kwa uangalifu na kwa nguvu ambazo hakuwa akizitumia jana. Gari likiwaka, ni nani atakayeushukuru mkono wake?

Jioni ile, kwa idhini ya mkuu wa shule, tuliizunguka pikapu: mwalimu wa fizikia, wanafunzi wapatao thelathini, mzee dereva na mimi. Nakiri kwamba nilianza kwa kukisia. Nilisema, kwa sauti ya mtu aliyerudi na shahada ya uzamivu kutoka ng'ambo, kwamba waya unaounganisha injini na upande hasi wa betri umeliwa na kutu. Tulipopima, waya ulikuwa mzima. Ndipo mzee dereva aliposema: "Daktari, huu ufunguo una tabia zake. Zamani ukiuinua kidogo, ukausukuma ndani na kuuzungusha kwa nguvu, gari lilikuwa linawaka. Siku hizi hata hivyo halikubali." Maneno hayo alikuwa amekwisha kumwambia fundi wa kwanza, na wa pili pia. Hakuna aliyeyaandika.

Tuliyaandika, kisha tukauliza maswali kwa mpangilio. Tuliwasha taa kubwa za mbele na kuzungusha ufunguo mpaka mahali pa kuwashia injini. Kama betri ingekuwa imechoka, au stata imekwama, taa zingefifia sana. Hazikufifia, ilisikika tu sauti dhaifu ya "ta!" chini ya boneti. Maana yake ni kwamba ule mkondo mkubwa unaozungusha injini haukuwa umeondoka hata kidogo. Betri yenyewe ilikuwa na volti zaidi ya 12. Tukaenda kwenye stata, kwenye ule waya mwembamba unaoipa amri. Ufunguo ulipozungushwa, waya huo ulikuwa na volti 7 tu. Gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, tulileta waya mwingine moja kwa moja kutoka kwenye betri na kugusa mahali pale pale: injini ilizunguka mara moja. Basi stata ilikuwa nzima, na ile ya kwanza iliyouzwa kwa bei ya chuma chakavu yaelekea ilikuwa nzima vilevile.

Volti 5 zilikuwa zikipotea njiani. Tulifungua kifuniko cha chini ya usukani tukaifikia swichi iliyo nyuma ya kitasa. Upande wa kuingilia, volti 12. Upande wa kutokea, 7. Msako ukaishia hapo.

Wanafunzi walipewa hesabu. Tuseme mkondo unaoipa stata amri ni ampea 16. Volti 5 zikipotea ndani ya swichi, ukinzani wake ni kama omu 0.3, nazo wati 80 zinageuka kuwa joto ndani ya kitu kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Balbu ya taa kubwa ya mbele huwa na wati 55 au 60. Si ajabu kwamba plastiki ya swichi ile ilikuwa imekuwa ya rangi ya kahawia. Lakini fundi wa pili alikuwa amekwisha kuitoa swichi hiyo na kuipima ukinzani kwa kipimo chake, akaiona nzima! Hakusema uongo. Kipimo cha namna hiyo hupitisha mkondo mdogo mno, na omu 0.3 ni rahisi kupotea katika nyaya za kipimo chenyewe. Zaidi ya hayo, swichi ikiwa mkononi mwake aliizungusha kwa bisibisi mpaka mwisho, jambo ambalo kitasa kilichochakaa hakikuweza kulifanya. Alipima kifaa kingine, katika hali nyingine.

Maana mgonjwa wa kwanza alikuwa kitasa. Ndani ya silinda ya kitasa mna vibamba vyembamba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo ulio sahihi huvipanga vyote vilingane na uso wa silinda, nayo silinda ikawa huru kuzunguka. Kila ufunguo unapoingia na kutoka, meno yake na vibamba husagana. Vumbi la barabara zetu huongeza msasa, na furushi la funguo linaloning'inia na kucheza kwa kila shimo huendeleza kazi hiyo gari likiwa safarini. Nyuma ya silinda kuna ulimi unaoizungusha swichi. Ulimi wa kitasa hiki ulikuwa umelika, kwa hiyo ufunguo ulifika mwisho na swichi haikufika. Vidole vyake vya shaba viligusana kwa ncha tu, vikatoa cheche, vikaungua.

Yafaa hapa walimu wakumbuke majaribio mawili yasiyogharimu senti. La kwanza: ufunguo ukikataa kabisa kuzunguka, tikisa usukani kulia na kushoto kwanza, kwani huenda ni komeo la usukani tu lililobanwa. La pili: jaribu ufunguo wa akiba ambao haujatumika. Ukizunguka vizuri, kilicholika ni ufunguo, si kitasa. Ufunguo wa akiba wa shule ile ulikuwa katika kasha la mkuu wa shule. Ulizunguka kwa wepesi zaidi, lakini bado ulilegea, hivyo tukajua vyote viwili vimelika. Wala haifai kuchonga ufunguo mpya kwa kufuatisha ule uliolika, kwa kuwa unanakili pia ubovu wake.

Mtu asidhani kwamba kosa hili ni la gereji za uchochoroni. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ambayo ufunguo wake uliweza kurudi nyuma wenyewe gari likiwa linakwenda. Injini ikazimika, na mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria ikanyimwa umeme. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Swichi ilikuwa imerekebishwa mwaka 2006 bila namba yake kubadilishwa, kwa hiyo waliolinganisha magari ya zamani na mapya waliona namba ile ile juu ya vitu viwili tofauti. Wahandisi wenye maabara za kila namna walikwamishwa na jambo ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hukatwa alama kwa ajili yake: kubadilisha kitu bila kukiandika.

Mzee dereva alipendekeza tufunge kitufe cha kubonyeza, kama magari mengi ya kule yalivyofungwa. Kwa upande wa umeme, kitufe chenye rilei na fyuzi hakina ubaya. Ubaya ni kwamba kwa kawaida hufungwa bila vyote viwili. Nilipinga kwa sababu nyingine. Kitasa kilicholegea kinabaki palepale, na katika vitasa vingi ndicho kinachoshikilia komeo la usukani. Kitasa kinachoachia ufunguo utoke injini ikiwa inanguruma hakistahili kuaminiwa mteremkoni.

Kazi yenyewe ya kubadilisha ilikuwa ndogo. Hasi ya betri hutolewa kwanza, na kama gari lina mfuko wa hewa katika usukani, husubiriwa dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Katika vitasa vingi ufunguo huzungushwa hatua moja, kipini kidogo kikasukumwa ndani kwa waya mwembamba, na silinda ikatoka. Angalia basi hasara ya kungoja: kitasa kikigoma kabisa kuzunguka, njia hiyo hufungika, na hubaki kutoboa kwa keekee. Kitasa kipya pamoja na swichi yake viligharimu pungufu ya ile betri.

Sasa nasema na wenzangu walimu. Natoa rai kwamba kila mtihani wa fizikia kwa vitendo uwe na swali moja la kutafuta hitilafu. Mwanafunzi apewe sakiti mbovu, asiambiwe ubovu uko wapi, naye aandike alichotarajia, alichopima, na alichokiondoa katika orodha ya washukiwa. Nitaambiwa kwamba vifaa hakuna. Balbu ya volti 12 na nyaya mbili ni kifaa. Nitaambiwa kwamba huo ni ufundi wa gereji, nasi tunafundisha sayansi. Hilo silijibu, isipokuwa kwa kuuliza ni nani aliyeitenga sheria ya Ohm na swichi inayoungua. Huenda lugha nayo ina lawama. Mwanafunzi hujifunza ukinzani kwa Kiingereza, gereji husema Kiswahili, na mara nyingi wawili hao hawatambui kwamba wanazungumzia kitu kimoja.

Kitasa cha zamani hakikutupwa. Mwalimu wa fizikia alikipasua kwa msumeno, akakigongomea ubaoni pamoja na ufunguo mkongwe na ule wa akiba, na kila mwaka Kidato cha Tatu hupima meno ya funguo hizo kwa mikromita. Ameniandikia hivi karibuni kwamba darasa limegawanyika kuhusu jino lipi limelika zaidi, la pili au la tatu, na kwamba wanaomba mikromita nyingine, kwa sababu hii waliyo nayo wameanza kuitilia shaka.