Shamba la Shule Limegeuzwa Jela

Wanaelimu wenzangu, mitihani ikiisha tunasambazwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Kabla bumu halijaishia kwenye nauli, nina ombi: tukifika huko tusimpeleke mwanafunzi aliyechelewa akalime shamba la shule kama adhabu. Najua mtacheka, jembe limetunyoosha sote. Lakini nadhani ndiyo maana mtu anatoka na A ya Jiografia huku hajui kwa nini shamba la nyuma ya bwalo halizai.

Anayelima kwa adhabu analima ili amalize. Anakwangua juu juu, kina kilekile kila mwaka, na matuta anayashusha kufuata mteremko kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi. Udongo mzuri karibu nusu yake ni nafasi tupu, vitundu vya hewa na maji. Ukilima kina kimoja miaka nenda rudi, chini ya jembe linajengeka tabaka gumu. Maji hayashuki, mizizi inapinda. Mvua ikija, udongo wa juu unaondoka nayo.

Wenye mashine nao hawajasalimika. Chukua muwa: ukivunwa unachipua tena kwenye shina lilelile, hivyo shamba hukaa miaka kadhaa bila kulimwa upya, na kila msimu matrekta na matela yenye tani za miwa yanapita juu yake. Yakipita udongo ukiwa na unyevu, yanaushindilia kama barabara na mavuno yanapungua. Mashamba makubwa hupasua tabaka hilo kwa trekta lenye meno marefu. Shule ya kata italitoa wapi?

Mimi ni wa Chiwanda. Sisi huku chini ziwani ni watu wa mihogo, mpunga na usipa, kwa hiyo hili nalowasifia si letu: ni ngoro za Wamatengo, kule juu Mbinga. Nyasi zinafyekwa kwa nyengo, zinalazwa kwa mistari inayokatana kama chandarua, kisha udongo wa katikati unachimbwa na kufunika nyasi. Linabaki shimo lenye matuta pande nne, na mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki. Maharage yanapandwa juu ya matuta, baadaye mahindi. Mvua inatuama shimoni na kuzama taratibu, nyasi zinaoza ndani ya tuta na udongo unabaki laini. Ngoro zikijengwa upya, mashimo yanahama, kwa hiyo hakuna sehemu inayokanyagwa milele. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Kyoto, Japani, walikwenda kujifunza kwa hao wakulima. Linganisha na Uluguru mwaka 1955: serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba ngazi milimani, wananchi wakagoma mpaka mpango ukafa. Kazi zote mbili zilikuwa za kuokoa udongo. Moja ilikuja kama adhabu.

Tusizipambe ngoro kupita kiasi, lakini. Mwanamume akishafyeka, kuchimba na kufunika kumekuwa kazi ya mwanamke, na ni kazi ya kuvunja mgongo. Binti akikwambia hazitaki, msikilize.

Mimi sidai kila shule ichimbe ngoro. Naomba kona moja ya shamba iwe darasa. Chukua kopo la maziwa, toa vifuniko vyote viwili, likandamize ardhini kidogo, mimina maji, pima muda mpaka yaishe. Fanya hivyo kwenye njia ya wanafunzi, kisha shambani, kisha chini ya mwembe. Waache wabishane wenyewe kwa nini dakika hazilingani. Aliyechelewa naye ashike saa.