Kodi ya Wote, Geti la Wenye Kadi

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi. Msuli ulikuwa mkali, na intaneti ya hosteli mnaijua wenyewe. Leo sina stori za bumu wala za kantini. Kuna jambo moja limenikaa kooni na nitalitema kama lilivyo: hivi hizi maktaba, viwanja na kumbi za vyuo vikuu vya umma ni mali ya nani?

Pale kwetu (jina la chuo naliacha, wanaopajua wanapajua, na wasiopajua wataona mambo ni yale yale kwao) mlangoni pa maktaba kuna karatasi imebandikwa: hakuna kuingia bila kitambulisho cha mwanafunzi au mfanyakazi. Mgeni anaweza kuomba, lakini aandike barua, asubiri majibu, na akikubaliwa alipie siku zake. Uwanja wa mpira wa kikapu una kufuli, na watoto wa mtaa wa jirani wanachungulia kupitia waya wakati ndani hakuna hata mtu mmoja anayecheza. Ukumbi mkubwa ukikodishwa kwa harusi, geti liko wazi mpaka usiku wa manane. Kumbe inawezekana kufungua! Ila ufungue pochi kwanza.

Tuanze na hela. Mishahara ya wahadhiri wa vyuo vya umma inatoka Hazina. Majengo nayo yanatoka Hazina, au kwenye mkopo ambao Hazina italipa, au kwenye msaada. Chukulia maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018 na inayochukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ilijengwa kwa msaada wa China. Msaada ule haukupewa mkuu wa chuo wala wanafunzi wa mwaka ule, ulipewa Tanzania.

Najua kuna atakayesema, "Lakini mimi nalipa ada." Sawa, ndugu yangu. Wengi wetu ada hiyo inatoka Bodi ya Mikopo, na Bodi inapata fedha kwenye bajeti ya serikali. Bajeti hiyo wanaijaza akina nani? Dereva wa bodaboda, kila lita ya petroli anayoweka ina kodi na tozo ndani yake. Mama lishe, sabuni anayooshea sahani zetu ina VAT. Hata vocha anayokwangua kumpigia mwanae aliye chuoni ina kodi. Wote hao wameshalipa kabla hujaamka kwenda kwenye lekcha ya saa mbili. Halafu wakifika getini wanaitwa "watu wa nje". Nje ya nini?

Sasa njoo kwa mhitimu, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi. Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ibadilishwe mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Anakatwa miaka na miaka. Lakini kitambulisho alikirudisha siku anakamilisha fomu za kuondoka, na tangu siku hiyo maktaba aliyosomea haimjui. Mwalimu wa sekondari anayetaka kuandaa somo vizuri, nesi anayetaka kusoma utafiti mpya wa malaria, kijana aliyekosa ajira anayeandika mpango wa biashara, wote bado wanadaiwa kwa ajili ya chuo, na wote wanaombwa barua. Wenzangu wa mwaka wa tatu, mnaocheka, hesabuni miezi iliyobaki. Na nyie mnakaribia kuwa watu wa nje.

Na hiki chuo kikuu chetu cha kwanza kilianzia wapi? Mwaka 1961 kilianza kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, pale Mnazi Mmoja, na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Katikati ya mji, kelele za watu ziko dirishani. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Mwalimu Nyerere alikuwa akitoa mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, huyo ni msaliti. Sisi hatujakimbia hata mbali, jamani. Tumekaa hapo hapo kijijini na sahani yetu, tumejifungia ndani, na nje tumeweka mlinzi.

Kuna la sheria pia. Nchi hii ina utaratibu wa amana ya vitabu tangu miaka ya 1960: mchapishaji anapeleka nakala ya alichochapisha ili taifa liwe na kumbukumbu yake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mojawapo ya zinazopokea nakala hizo. Wenzetu Marekani wana utaratibu kwamba maktaba zinazotunza nyaraka za serikali kuu, na nyingi ni za vyuo vikuu, lazima zimruhusu mwananchi yeyote kuzisoma nyaraka hizo bure. Wanahesabu kwamba nyaraka ni za mwananchi na maktaba ni mtunzaji. Sisi mtunzaji amejigeuza mwenye mali. Fikiria tasnifu zilizojaa kwenye rafu za vyuo vyetu: wavuvi wa Kilwa walihojiwa, wakulima wa kahawa Mbinga walihojiwa, wakaacha kazi zao wakajibu maswali siku nzima. Kilichoandikwa kuhusu maisha yao, wao na watoto wao hawawezi kukisoma bila barua. Huo ni utafiti au ni uchukuzi?

Haya, nawajua wapinzani wangu, hoja zenu nimezisikia kantini. Ya kwanza, wizi. Mgeni aache mkoba kaunta, aandike jina na namba ya kitambulisho cha taifa kwenye daftari, asome ndani, asiazime. Basi. Na tusemezane ukweli, zile kurasa zilizochanwa kwenye vitabu vya kozi amezichana nani? Mama lishe? Tumezichana sisi wenye kadi, wiki moja kabla ya mtihani.

Ya pili, nafasi. Hapa mna hoja, wakati wa mitihani hata sisi tunagombea viti. Sitetei mwanafunzi asimame ili mgeni akae. Lakini kuanzia Julai mpaka chuo kinapofunguliwa, viti vinashika vumbi huku taa na walinzi vinalipiwa na yule yule aliyezuiwa. Na wakati huo huo kuna watahiniwa binafsi wa kidato cha nne na cha sita wanasomea kwenye vibaraza na kwenye mwanga wa taa za vituo vya mafuta.

Ya tatu, eti mikataba ya majarida ya mtandaoni hairuhusu. Isomeni kwanza hiyo mikataba. Mingi inamruhusu msomaji aliyeingia kwa miguu yake kusoma akiwa ndani ya maktaba, hata kama si mwanafunzi. Mara nyingi mchapishaji wa Ulaya ameruhusu, aliyekataa ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo nataka nini? Mambo manne, hayahitaji hata tofali moja jipya. Kwanza, mhitimu apewe kadi ya kusomea bila malipo, hasa yule ambaye bado anakatwa mshahara. Pili, maktaba ifunguliwe kwa raia yeyote mwenye kitambulisho siku za Jumamosi na likizo yote ndefu. Tatu, vitabu vya amana na tasnifu zisomwe na yeyote, siku yoyote ya kazi, hapo hapo ndani. Nne, kufuli la uwanja litolewe jioni tatu kwa wiki, watoto wa jirani wacheze chini ya usimamizi wa walimu wao. Serikali ya wanafunzi, mnaokuja kutuomba kura na fulana, hili mliweke kwenye ajenda ya kikao chenu na uongozi. Kila muhula mnapiga kelele za bumu, na mimi napiga nanyi. Lakini tukidai bumu tunawaambia wananchi kwamba chuo ni mali ya umma na umma uchangie. Hatuwezi kuwa umma wakati wa kuchanga, halafu wakati wa kuingia tukawa watu binafsi.

Nimemaliza, narudi kwenye desa langu kabla sijadisko. Anayepinga aje na hoja, si na matusi. Na kama chuo chako wanafungua, tuambie wanafanyaje, ili wetu wakose kisingizio.