Neno la Mhariri: Sauti na Anayeilipia

Katika kisa cha Samweli, ambacho watoto wetu hufundishwa kwa picha ya kijana aliyepiga magoti karibu na taa, liko jambo moja ambalo walimu wa Jumapili aghalabu hulipita mbio, nalo ni kwamba yule aliyeitwa hakujua anaitwa na nani, na yule aliyejua hakuitwa. Mara tatu mtoto aliondoka kitandani akamwendea Eli, akidhani ni bwana wake amtakaye. Na ni Eli huyo, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia kiza na ambaye nyumba yake ilikuwa imeharibiwa na ufisadi wa wanawe, ndiye aliyemaizi kwamba sauti ile ni ya Mungu, akamfundisha mtoto namna ya kuitikia. Kulipopambazuka Samweli aliogopa kuyatamka aliyoambiwa, kwa kuwa yalikuwa ni hukumu juu ya mzee yule yule. Naye Eli akamwapiza asimfiche hata neno moja, akayasikiliza yote mpaka mwisho, akaridhia.

Tumeanza hapo kwa sababu toleo hili lote limewekwa juu ya swali ambalo hakuna Mkristo asiyepata kuliuliza: nitajuaje kwamba ni Mungu aniongozaye, wala si nafsi yangu inayojisemea kwa sauti nene? Majibu yaliyozoeleka tunayajua sote, na hatuna haja ya kuyarefusha: soma Maandiko, omba, angalia mlango unaofunguka, sikiliza utulivu wa moyo. Hatuyakatai. Ila tungependa msomaji amkumbuke Yona, ambaye alipokuwa akimkimbia Mungu alishuka Yafa akakuta merikebu tayari iendayo Tarshishi, na nauli anayo mkononi, akaingia ndani yake akalala usingizi mzito wakati mabaharia wanahangaika na tufani. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na moyo ulikuwa mtulivu hata ikabidi nahodha aje kumwamsha.

Sisi twaona kuna swali jingine ambalo halina budi kutangulia, nalo ni hili: neno hili ulilolisikia, nani atakayelilipia? Katika kwaya niliyoimba ujanani, vijana wawili, kila mmoja kwa wakati wake na bila ya kujua habari za mwenziwe, walimwendea binti mmoja kumwarifu kwamba Mungu amewaonyesha kuwa yeye ndiye mke. Binti aliwajibu wote wawili kwa upole usio na mzaha kwamba yeye hajaonyeshwa kitu, na kwamba angependa Mungu huyo amhesabu naye kuwa ni mtu wa kuambiwa. Siwacheki vijana wale, maana huenda walisema kwa ikhlasi. Lakini ilhamu yao ilikuwa na tabia ambayo nimeiona mara nyingi tangu siku hizo, ya kumpa msikiaji faida na kumwandikia mwingine deni. Neno alilolisikia Samweli halikumpa yeye faida yoyote usiku ule, ila khofu ya kuonana na mzee wake asubuhi.

Pwani yetu ina kisa chake. Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kanisa la Uingereza, hakuja Mombasa kwa ajili ya Mombasa. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo, ambao siku zile wageni wakiwaita Wagalla, naye aliamini kwa yakini kwamba Mungu amemwekea watu hao. Na njia ya kuwafikia kwa upande wa Uhabeshi ilipofungwa, alizunguka kwa bahari, akafika Unguja, akapewa barua na Sultani Seyyid Said, na mwaka 1844 akakaa Mombasa, akiihesabu kuwa ni mlango wa nyuma wa nyumba aliyoitamani. Mlango huo nao haukumfikisha. Alichokipata alipokuwa akingoja ni lugha hii tunayoiandika: mwezi wa Juni mwaka ule ule alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyeketi naye kumsaidia hakuwa Mkristo, bali Ali bin Mohedin, kadhi wa Mombasa mwenye asili ya Barawa. Sarufi yake ilichapwa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kazi aliyoiona kuwa ni chombo cha safari ndiyo iliyobaki, na safari yenyewe haikuwa. Je, alikosea kusikia? Sisi hatuthubutu kusema hivyo, wala hatuwezi kusema kwamba alisikia sawasawa. Labda aliitwa kweli, akaondoka kitandani kama Samweli, akaenda chumba kisicho chake, na huko akakuta mtu wa kumfundisha namna ya kutamka.

Walakini hesabu ya nani alilipa haifungi vizuri hapa, nasi hatutaki kuifunga kwa nguvu. Mwezi wa Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua, mkewe Rosine alikufa kwa homa, na kitoto chao cha kike kikamfuata. Kaburi lake liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni dalili ya kuwa wakati wa kuihubiri Afrika umewadia, na maneno yake yamekaririwa katika hotuba nyingi za misheni hata yamekuwa kama pambo. Twaiheshimu imani ya mtu aliyeweza kuandika hivyo naye mwenyewe yu mgonjwa. Lakini Rosine hatumsikii ila kwa kalamu ya mumewe, na kila nisomapo habari hizo hujiuliza kama mwito ule aliusikia naye kwa sikio lake, au aliufuata tu kwa kuwa ulikuwa umekwisha kusikiwa nyumbani.

Jambo la Mukono, huko Uganda, ni jepesi zaidi kulipima, ijapokuwa lilipotokea liliwatia watu uchungu mwingi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha kanisa kilichokuwa hapo, Chuo cha Askofu Tucker, watu wa Uamsho ule uliokuwa ukienea kutoka Rwanda na Uganda, walikatazwa kuamka kabla ya alfajiri kwa sala na mahubiri yao. Wakaona hawawezi kutii amri hiyo bila ya kumwasi Mungu, wakafukuzwa. Wakubwa wa chuo nao walikuwa na hoja, kwani mtu asiyekubali kuongozwa na mwalimu wake atawaongozaje wengine? Na wenye bidii wale hawakuwa watu rahisi kukaa nao. Lakini tazama gharama iliangukia wapi: William Nagenda, aliyekuwa kiongozi wao, hakupata daraja ya ukasisi maisha yake yote, akahubiri akiwa mtu wa kawaida, wala yeye na wenziwe hawakujitenga kuunda kanisa lao. Tena watu hao, waliokuwa wagumu mbele ya wakubwa, walikuwa na desturi ya kuyaweka maono yao wazi katika ushirika, ambako ndugu yeyote, hata asiyejua kusoma, aliweza kumwambia mwenziwe palepale kwamba hilo si la Bwana bali ni la kiburi chako.

Desturi hiyo ndiyo ituumayo kwa kupungua kwake. Leo neno "Mungu ameniambia" limekuwa kufuli: likisemwa, mazungumzo yamekwisha, na anayeuliza huhesabiwa kuwa hana imani. Eli hakuyafunga mazungumzo hivyo, ingawa alikuwa kuhani naye Samweli mtoto wa kutumwa maji. Makala tulizozichagua hazipatani zote, na mbili kati yake zinapingana waziwazi juu ya ndoto. Tumeziweka ukurasa kwa ukurasa makusudi. Atakayeona kwamba mhariri mwenyewe ameamka usiku akaenda chumba kisicho chake, na atuandikie, nasi barua yake tutaichapa mbele ya neno letu katika toleo lijalo.