Rwanda: Nidhamu bila ngazi ya kupanda haizai bidii kazini

Mtumishi wa serikali nchini Rwanda huanza mwaka wa fedha kwa kutia saini ahadi za kazi, na mwisho wake hupimwa kwa ahadi hizo. Mlinzi wa lango au mhudumu wa hoteli mtaani Nyarutarama, wilayani Gasabo mjini Kigali, mara nyingi hujua jambo moja tu: kosa litakalomwachisha kazi.

Ahadi hizo, imihigo, zilianza mwaka 2006, mameya wa wilaya walipotia saini mbele ya Rais Paul Kagame. Baadaye utaratibu ukashuka hadi kwa mtumishi mmoja mmoja. Nguvu yake ni kuunganisha pande mbili: alama za tathmini huhesabiwa katika kupandishwa daraja, na uzembe nao una gharama.

Hata hivyo, cheo kinapotegemea ripoti, ripoti hupikwa. Kinyarwanda kina neno maarufu kwa hilo: gutekinika. Ndiyo maana tathmini ya wilaya ilikabidhiwa taasisi zilizo nje ya wilaya, ikiwemo Taasisi ya Taifa ya Takwimu, NISR. Zawadi isiyo na mkaguzi huzaa udanganyifu.

Nyarutarama, mtaa wa balozi, hoteli na uwanja wa gofu, una upungufu wa aina nyingine. Sheria ya Kazi ya mwaka 2018 inadai notisi ya siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka mmoja, na siku 30 kwa aliyezidi hapo. Notisi humkinga mfanyakazi na kuachishwa ghafla. Haimwonyeshi njia ya kupanda.

Matokeo yake ni utii usio na bidii. Mfanyakazi huwahi, huvaa sare safi, huepuka lawama, basi. Aliye hodari huhamia hoteli jirani kwa nyongeza ndogo, na mwajiri huanza kufundisha upya.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, suala hili lina uzito wa pekee. Lugha hii ni rasmi nchini tangu mwaka 2017. Je, mhudumu anayempokea mgeni wa Dar es Salaam au Goma kwa Kiswahili fasaha huhesabiwa ujuzi huo anapofikiriwa kupandishwa cheo?

Waajiri binafsi hawahitaji kuiga imihigo yote. Wanahitaji vigezo vya kupanda vilivyoandikwa, vinavyojulikana mapema, na mpimaji asiye msimamizi peke yake. Adhabu humzuia mtu kuharibu; matumaini ya haki ndiyo humfanya ajenge.