Kabla hujamtia paka kwenye gunia, ficha chaja yako

Wewe unayeishi na paka, hebu nikuulize: tangu Januari umenunua chaja ngapi? Mimi niko kwa ya nne. Ongeza spika za masikio jozi mbili, kamba ya kiatu, na sweta ambayo mkono wake wa kushoto sasa una dirisha.

Mshukiwa anaitwa Chapo. Rangi yake ni ya chapati iliyoungua kidogo. Nilimleta kwa bedsita yangu kwa sababu ya panya, na wiki ya kwanza tu panya wakahama. Nikajipongeza. Kumbe kazi ya kutafuna vitu vyangu ilikuwa imepata tu mfanyakazi mpya.

Tulikosana kabisa usiku mmoja stima zilipopotea. Kazi yangu ni kunakili sauti kwa maandishi mtandaoni, na mteja alitaka faili ifike saa kumi na mbili asubuhi. Nikalala kidogo nikisubiri stima. Ziliporudi, laptopu ikakataa kuchaji. Waya ulikuwa umetafunwa hadi shaba inaonekana. Betri ikazima, mteja akaenda, na pesa niliyokuwa nimepigia hesabu ya kodi ya nyumba ikaenda naye.

Jirani alipoona sura yangu akanipa ushauri ambao kila ploti ina mtaalamu wake: "Mtie kwa gunia, panda matatu, mwachilie sokoni huko mbali." Sitakudanganya. Gunia nililitafuta.

Nikiwa nalo mkononi ndipo nilipoangalia waya tena. Chapo alikuwa ameung'ata upande ule unaoingia kwa soketi. Huko kunapita volti 240. Kilichomwokoa ni giza. Stima zingekuwepo, ningeamka kukuta paka amekufa, au chumba kinawaka na mimi ndani. Na nani aliyeacha waya umetandazwa sakafuni, soketi ikiwa haijazimwa? Si paka.

Tunawaita watundu, lakini wengi wetu hatujawahi kujiuliza kwa nini wanatafuna. Chapo alikuwa na miezi mitano. Kati ya miezi 3 na 6 hivi paka hung'oka meno 26 ya utotoni na kuota 30 ya ukubwani. Fizi zinamsumbua, na waya laini ni dawa. Mtoto wa mtu akiota meno tunamtafutia kitu cha kuguguna. Paka tunamtupia slipa ya mgongo.

Halafu kuna ile tabia yetu ya kubeba paka kabla hajaacha kunyonya vizuri. Anafaa kukaa na mamake angalau wiki 8. Wengi wanaotolewa mapema hunyonya na kutafuna nguo, hasa za sufi. Sweta yangu nikaielewa hapo.

Na kuna kuboeka. Paka ni mwindaji, na damu yake huchemka jioni na alfajiri. Wewe umemfungia kwa chumba cha futi 10 kwa 10, panya wameisha, nawe uko kwa simu. Kitu pekee kinachotingisha mkia humo ndani ni waya wa chaja yako.

Najua kuna atakayesema, "Huyo ni mnyama tu, akinitia hasara aende." Sawa, lakini aende wapi? Paka wa nyumbani akitupwa soko asilolijua anakutana na mbwa, magari, na panya waliokula sumu. Tena Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, na kumtelekeza mnyama wako ateseke ni kosa. Na hata kama husikii mambo ya sheria, kumbuka wahenga: paka akiondoka, panya hutawala. Panya pia hutafuna waya, ila yeye hatakuja kulala mapajani mwako kukiwa na baridi.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukimaliza kuchaji, zima, chomoa, funga waya kwa droo. Ule usiotoka, upitishe ndani ya kipande cha mpira wa kumwagilia maji kilichopasuliwa kwa urefu. Uzi na kamba usiache ovyo, maana akimeza vinaweza kukunja utumbo wake, na ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma usiuvute, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mpe boksi la katoni alirarue. Jioni cheza naye dakika kumi kwa karatasi iliyofinyangwa, kisha mpe omena. Akishakimbia na kushiba, atalala nawe utalala. Na kama ni paka mzima aliyeanza kutafuna ghafla, usimcharaze. Huenda ni meno au ugonjwa.

Nilirudisha gunia kwa mama mboga, mwenyewe. Kodi niliilipa kwa kuchelewa, na landilodi alinipa maneno yangu yote. Chaja ya nne ina wiki ya sita sasa na bado ni nzima. Ile sweta nimemwachia Chapo.